Umesoma Historia, utafanya kazi gani?

Najua nimekuwa kimya. Zamu za usiku zimenibana, na huku kwa Mfalme (zamani tulizoea kusema kwa Malkia) ukitoka zamu asubuhi hata kufungua kompyuta unaona uvivu. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu.

Leo sina habari za baridi wala bei ya ndizi za kupika. Nataka tuzungumzie jambo ambalo limekuwa likizunguka kwenye simu za ukoo mwezi mzima. Kijana wetu, mtoto wa dada yangu, yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasoma Historia na Kiswahili. Ada yake mnajua ilivyopatikana: mkopo wa Bodi haukutosha, shemeji akauza ng'ombe wawili, na sisi wengine tukachanga tulichokuwa nacho. Sasa shemeji anasema hela imepotea. Anataka kijana aache, akachukue cheti cha kitu kinachoeleweka, "hata unesi kama mama yake mdogo." Anauliza: mtu akishajua habari za Vita vya Majimaji, nani atamlipa mshahara?

Kijana naye ameniandikia, "Mama mdogo, naomba uongee na baba." Sikutaka kujibu kwa mkato, kwa hiyo siku zangu za mapumziko nimekuwa nikisoma. Nimeona kwamba swali la shemeji lina historia yake, tena ndefu, na mtu akiijua anaweza kulijibu kwa utulivu zaidi. Haya basi, vuteni viti.

WALIOTUTAWALA WALISOMA NINI?

Nianzie hukuhuku Uingereza maana ndiko mfumo wa ofisi zetu ulikotoka. Hadi katikati ya karne ya 19, kazi za serikali huku zilipatikana kwa kujuana. Ndiyo, kujuana huku tunakokulaumu Bongo! Mkubwa anamwandikia mkubwa mwenzake, kijana anapewa kiti. Mwaka 1854 ikatoka ripoti ya Northcote na Trevelyan iliyosema waziwazi kwamba upendeleo unajaza ofisi watu wasiofaa, ikapendekeza mitihani ya ushindani. Mwaka 1855 mitihani hiyo ikaanza kwa maafisa wa kwenda kuitawala India, na mwaka 1870 ikaenea katika wizara nyingi za hapa.

Mitihani ile ilipima nini? Si utawala wala utunzaji wa fedha za serikali. Alama nyingi zilikuwa kwenye Kigiriki cha kale, Kilatini, hisabati, historia na fasihi ya Kiingereza. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu aliyeweza kusoma mambo magumu kwa miaka, akayaelewa na kuyaeleza vizuri kwa maandishi, kazi yenyewe atafundishwa akishafika. Kusema kweli mitihani hiyo iliwafaa zaidi watoto wa wenye nacho, waliofundishwa Kilatini tangu wadogo. Lakini hoja yenyewe ikashika mizizi.

Mwaka 1892 chuo cha Oxford kikaanzisha kamati ya kuwasaidia wahitimu kupata kazi. Cambridge nao wakafuata baada ya miaka michache. Ofisi za ushauri wa ajira zilizopo vyuoni siku hizi zinatokana na mambo hayo. Naomba mlikumbuke hili, kwa sababu watu hudhani zamani shahada ilitosha peke yake. Hata Oxford kwenyewe ilibidi mtu akae ofisini awaunganishe wahitimu na waajiri.

Sasa tuje kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ikawekwa chini ya Mwingereza, na kila wilaya ikawa na Bwana Shauri wake. Vijana hao walichaguliwa London. Aliyesimamia uchaguzi huo kwa miaka mingi alikuwa Ralph Furse, na yeye hakutumia mtihani. Alitumia usaili na barua za walimu wao. (Kujuana kukarudi kupitia dirishani!) Wengi walitoka Oxford na Cambridge, na kati yao walikuwamo tele waliosoma historia au Kigiriki na Kilatini. Wakipata kozi fupi ya sheria na lugha, wanapanda meli. Kijana wa miaka 24 au 25 aliyesoma habari za Roma anajikuta Kondoa au Tukuyu, anaamua shauri la shamba na kusimamia kodi. Kwa hiyo shemeji, yule aliyekuwa akimdai babu kodi ya kichwa, huenda alikuwa amesoma Arts!

Sisemi haya ili kuwasifu. Hawakuja kwa faida yetu. Ninachotaka mkione ni kwamba kazi ilikuwepo kwanza, halafu akatafutwa mtu anayeweza kusoma mafaili, kusikiliza pande mbili na kuandika ripoti inayoeleweka. Jina la somo lake halikuwa na uzito mkubwa.

UPANDE WA BABU ZETU

Mwafrika aliyesoma alikuwa na milango michache: ukarani, ualimu, kazi za misheni na uhudumu wa hospitali. Makerere, ambako wengi wa wazee wetu walitamani kufika, ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Ilipofika 1949 ndipo ikawa chuo kikuu kishiriki cha University of London.

Mfano mnaoujua wote ni Mwalimu Nyerere. Alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Edinburgh. Aliporudi mwaka 1952 alikuwa na shahada ya Arts, iliyochanganya historia, uchumi na falsafa. Kazi aliyopata nayo? Ualimu, Pugu. Mwaka 1955 akaacha kazi hiyo ili ashughulikie TANU. Hakuna tangazo lolote lililosema "anatakiwa mtu mwenye shahada ya Edinburgh aongoze harakati za uhuru." Elimu ile ilimpa uwezo wa kusoma, kuandika na kujenga hoja, na nafasi ya kuutumia uwezo huo aliitengeneza pamoja na wenzake.

MIAKA YA KUPANGIWA KITUO

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu kishiriki kikafunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Kilianza na sheria tu na wanafunzi wachache sana. Miongoni mwao alikuwemo mwanamke mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1964 kikaanzishwa kitivo cha sanaa na sayansi ya jamii, na chuo kikahamia Mlimani.

Nchi ilikuwa na njaa ya wasomi. Ofisi zilizoachwa na Waingereza zilitaka watu. Mpango wa maendeleo wa miaka mitano ulioanza 1964 uliweka lengo kwamba ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu. Kwa hiyo serikali ikawa inahesabu: tunahitaji walimu wangapi, maafisa tawala wangapi, wahandisi wangapi. Nafasi za masomo zikatolewa kwa hesabu hizo, na aliyesomeshwa na serikali alijifunga kuitumikia. Ukimaliza, unasubiri barua. Barua ikifika inasema kituo chako Mpwapwa, unafunga sanduku.

Kwa waliosoma masomo ya sanaa miaka ile ilikuwa neema. Benjamin Mkapa alimaliza Makerere mwaka 1962, shahada yake ya Kiingereza. Akaanzia utumishi wa wilaya Dodoma, akaingia Mambo ya Nje, na mwaka 1966 akawa mhariri wa magazeti ya chama. Baadaye mnajua alikofika. Wenye historia nao walihitajiwa. Taifa jipya haliwezi kuwafundisha watoto wake habari za wafalme wa Uingereza peke yake, na ndiyo sababu mwaka 1969 wanahistoria wa Mlimani, Kimambo na Temu, wakatoa kitabu cha historia ya Tanzania. Kwa Kiswahili, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianza Mlimani mwaka 1964, na BAKITA ikaundwa mwaka 1967. Yote hayo yalikuwa meza na viti vinavyosubiri watu wa kuvikalia.

Lakini neema hiyo ilikuwa na bei yake. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wakati wa utumishi huo. Mwalimu akakasirika, akakata mshahara wake mwenyewe, na wanafunzi karibu 400 wakafukuzwa wakarudi makwao. Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likasema anayemaliza kidato cha sita asiende chuo moja kwa moja, kwanza akatumikie jeshi na afanye kazi. Maana yake serikali ilikuhakikishia kazi, lakini pia ilikuamulia lini usome, ufanye nini na ukae wapi.

Mfumo huo haukudumu. Uchumi ulitetereka vibaya baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, mwaka 1986 serikali ikakubaliana na IMF, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yakaja mageuzi ya utumishi serikalini. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi wakapunguzwa. Ajira za moja kwa moja kwa wahitimu zikakoma, isipokuwa sehemu chache kama ualimu na afya. Hesabuni wenyewe: kutoka 1961 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni kama miaka 30. Miaka 30 tu! Shemeji alizaliwa na kukua ndani ya miaka hiyo. Aliona kaka zake wakimaliza chuo na kupangiwa kazi, na hicho ndicho kipimo anachopimia shule ya mwanawe. Simlaumu. Ila kipimo hicho kilikuwa cha msimu mmoja.

MSIMU WA PILI: SHULE ZA KATA

Mlango ulifunguka tena kwa muda. Kuanzia 2004 serikali ilikuja na mpango wa kupanua sekondari, shule za kata zikaota kila mahali, na walimu hawakutosha. Mnakumbuka walimu wa "voda fasta," waliopewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa darasani. Mwaka 2005 vikaanzishwa vyuo vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa, mwaka huohuo Bodi ya Mikopo ikaanza kazi, na mwaka 2007 kikaja Chuo Kikuu cha Dodoma. Wazazi wakaambiana, "msomeshe ualimu, ajira ipo." Na kweli ilikuwepo. Mhitimu alikaa nyumbani kidogo, jina likatoka, akaenda kuripoti.

Tatizo ni kwamba watu walikimbilia masomo ya sanaa kuliko sayansi. Mwaka 2016 ajira serikalini zikasimamishwa wakati wa uhakiki wa watumishi. Mwaka 2017 serikali ikatangaza kwamba walimu wa sanaa sekondari wamezidi, na baadhi wakahamishiwa shule za msingi. Wakati huo shule zilezile zilikuwa zinalia hazina mwalimu wa fizikia wala hisabati. Hebu fikirieni kijana aliyeingia chuo 2013 akiamini kazi inamsubiri. Alimaliza 2016, mlango umefungwa, na mwaka huohuo sheria ikabadilishwa ili makato ya mkopo wa chuo yawe asilimia 15 ya mshahara. Siku hizi hata walimu wanaomba kwa ushindani na kufanyiwa usaili kama watu wengine.

BASI NANI MKWELI, BABA AU MTOTO?

Kwa ninavyoona mimi wote wawili wana haki. Shemeji ana haki kuogopa, kwa sababu shahada ya Historia haimpangii mtu kituo tena. Kijana naye ana haki kusema masomo yake si takataka. Mara zote mbili kilichokufa ni mpango wa serikali wa kugawa kazi. Uwezo ambao mabwana shauri, Mwalimu na Mkapa waliutumia bado unanunuliwa. Ila sasa hakuna anayekuja kukutafuta, na ile hesabu iliyokuwa inafanywa wizarani inabidi mwanafunzi aifanye mwenyewe, tena kabla hajavaa joho.

Naliona hili kazini kwangu. Nilipokuwa naomba kazi huku, tangazo lilikuwa na orodha mbili: sifa za lazima na sifa za nyongeza. Chini yake nafasi ya maelezo. Ukiandika "mimi ni mchapakazi, mwaminifu," umekwisha. Wanataka kila sifa uijibu kwa mfano: lini ulifanya, ulifanya nini hasa, matokeo yake yakawaje. Elimu ya unesi ilinifikisha mlangoni, lakini walioniita kwenye usaili walinisoma kwanza kwenye karatasi. Na ndani ya wodi ni vilevile. Manesi tuna msemo kwamba kama hukuandika, hukufanya. Ripoti ya zamu ikiwa mbovu, mgonjwa anaweza kudhurika.

Tena kuna wakati analetwa mama asiyejua Kiingereza, anaongea Kiswahili cha Kongo. Hospitali inapiga simu kwa mkalimani, naye analipwa. Ukalimani wa hospitali hauhitaji mtu ajue lugha mbili tu. Anatakiwa aelewe mtu kutoka Bukavu anaposema tumbo "linamchoma" ana maana gani, na amweleze daktari bila kuongeza wala kupunguza. Hiyo ni kazi ya mtu aliyesoma lugha. Huku pia waajiri wengi wanaoajiri wahitimu hawaulizi umesoma somo gani. Wanataka shahada yoyote, kisha wanakupima wenyewe.

NINGEMSHAURI HIVI

Mwanangu, usiache chuo. Umebakiza mwaka mmoja, na cheti kipya ni kuanza kuchangisha watu upya. Lakini huo mwaka usiupitishe ukisubiri boom tu.

Kwanza, field yako. Wenzako wengi huenda sekondari ya karibu na nyumbani kwa sababu ni rahisi. Wewe andika barua mapema kwa Idara ya Nyaraka za Taifa, Makumbusho ya Taifa, ofisi ya kumbukumbu ya halmashauri, redio ya mkoa au gazeti. Kila wizara na kila hospitali ina mafaili, na anayejua kuyapanga na kuyasoma ana kazi. Usisahau utalii. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, Mji Mkongwe tangu 2000, michoro ya Kondoa tangu 2006. Mgeni anayelipa fedha nyingi kufika pale anataka mtu wa kumweleza historia kwa ukweli, na siyo kumsimulia hadithi za kubuni.

Pili, Kiswahili chako. SADC ilikifanya lugha rasmi mwaka 2019, UNESCO ikatenga Julai 7 kuwa siku yake mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Maamuzi ya namna hiyo yanaleta kazi za kutafsiri, kuhariri, kukalimani na kufundisha wageni. Marekani kuna mpango wa Fulbright unaochukua vijana wakasaidie kufundisha lugha zao vyuoni kwa mwaka mmoja, Kiswahili kikiwemo. Ila Kiswahili pekee hakitoshi, lazima Kiingereza chako nacho kinyooke, maana mtafsiri ana miguu miwili.

Tatu, anza kuweka kabrasha la kazi zako. Ukimaliza chuo uwe na vitu vitatu vya kumwonyesha mtu: makala iliyochapishwa, kurasa kadhaa ulizotafsiri, na utafiti mdogo, kwa mfano mahojiano na wazee wa kwetu kuhusu miaka ya vijiji vya ujamaa. Wazee wanaondoka kila mwaka, usichelewe. Jifunze na majedwali ya hesabu kwenye kompyuta. Mtu wa historia anayejua kupanga takwimu ni adimu.

Nne, jisajili kwenye Ajira Portal sasa hivi hata kama huna cha kuomba. Kila wiki soma matangazo matatu, uandike wanataka sifa gani. Baada ya miezi sita utajua unapungukiwa nini, na bado una muda wa kujaza. Hakikisha na majina kwenye vyeti vyote na kitambulisho cha NIDA yanafanana. Herufi moja inaweza kukukwamisha.

Tano, naomba nisieleweke vibaya: msinitazame mimi kama mpango wa kazi. Mlango wa viza ya wahudumu wa wazee huku Uingereza ulifunguliwa Februari 2022, na Julai 2025 ukafungwa kwa waajiriwa wapya kutoka nje. Wakala akija kijijini na kudai milioni kadhaa kwa ajili ya kazi hiyo, mfukuzeni.

Sisemi ukifanya haya yote kazi itakuja kesho. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na kujuana bado kupo kama kulivyokuwa London kabla ya 1854. Utaandika barua nyingi ambazo hazitajibiwa. Lakini mwenye kabrasha na uzoefu wa field nzuri hayuko foleni moja na mwenye cheti kitupu.

Na wewe shemeji, kwa heshima zote, naomba mwaka mmoja. Kijana akuandikie mpango wake kwa mkono wake: atafanya field wapi, ataomba kazi zipi, na kama ikishindikana baada ya miezi 12 atafanya nini. Ukae nao, umuulize maswali magumu kama unavyojua kuuliza. Nauli na chakula cha wakati wa field niachieni mimi, hata kama itabidi niongeze zamu mbili. Ng'ombe waliobaki wasiguswe.

Dada, msalimie mama, mwambie dawa za presha asiruke hata siku moja, na chumvi apunguze. Wengine wenye watoto vyuoni niandikieni mnaendeleaje. Nikipata nafasi tena nitawaeleza habari za pensheni ya huku, maana wengi mmeniuliza.

Kazi njema, na Mungu awabariki.